OTC, penstrep au tailosini: ukiwa na mbuzi mgonjwa Mtwara au Lindi, nunua ipi?

Minada ya korosho ikianza kulipa, maduka ya dawa za mifugo ya Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea hupata wateja wa namna moja. Mtu kapokea hela ya mnada wa kwanza, kaongeza mbuzi watatu wanne, na hazijapita wiki mbili mmoja kaanza kukohoa. Anaingia dukani, anaikagua rafu, anauliza: "Kati ya hizi, ipi kali?" Rafuni kuna chupa ya maji yenye rangi ya kahawia iliyoelekea njano, hiyo ni OTC, yaani oksitetrasaiklini. Kuna yenye dawa nyeupe iliyotuama chini, hiyo ni penstrep. Na kuna ya tatu ambayo wengi huipita bila kuiangalia, tailosini.

Ukali si kipimo cha kuchagulia. Kila moja ina wadudu inaowaweza na inaowakosa, ina siku inazokudai urudi zizini na sindano, na ina muda wake wa kukunyima maziwa na nyama. Nitazilinganisha kwa hayo matatu, na kwa jambo la nne ambalo waandika lebo hawakulifikiria sana, joto la pwani yetu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa mfugaji wa kijijini anayeweza kununua chupa moja tu, OTC ya asilimia 20 ndiyo chaguo la kwanza. Lakini kwa kidonda ninaiacha na kushika penstrep, na kwa mbuzi wanaokohoa zizi zima ninaiangalia tailosini mara mbili.

Zinatoka ardhini, na kwa nini hilo linakuhusu

Mvua ya kwanza ya Novemba ikigusa shamba, ile harufu ya udongo inayopanda hutengenezwa kwa sehemu kubwa na bakteria wa ardhini waitwao Streptomyces. Hao hao ndio waliotupa dawa hizi. Streptomaisini ilipatikana 1943 kutoka kwa Streptomyces griseus, mikononi mwa Albert Schatz, mwanafunzi wa Selman Waksman katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani. Waksman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952 peke yake, na wakati huo mwalimu na mwanafunzi walikuwa wameshafikishana mahakamani. Oksitetrasaiklini ilitangazwa 1950 na watafiti wa kampuni ya Pfizer, ambao walikuwa wakikusanya udongo kutoka sehemu nyingi za dunia na kuupima sampuli moja baada ya nyingine. Bakteria wake anaitwa Streptomyces rimosus. Tailosini ni ya Streptomyces fradiae aliyetolewa kwenye udongo wa Thailand. Penisilini ndiyo pekee isiyo ya ukoo huu, maana yenyewe hutoka kwa ukungu. Ndani ya chupa ya penstrep inakaa pamoja na streptomaisini iliyobadilishwa kidogo kiwandani.

Hata ivermektini, ile tunayowachoma mifugo kwa minyoo na upele, na ambayo watu wa Mtwara na Lindi tumeimeza sana kwenye kampeni za matende na mabusha, asili yake ni Streptomyces wa udongo wa Japani. Haiui bakteria, kwa hiyo haimo kwenye ulinganisho huu. Nimeitaja kwa sababu kuna wanaoamini ni antibiotiki.

Kutengeneza hizi dawa hakutofautiani sana. Ni matangi makubwa ya chuma cha pua, ndani yake supu ya sukari, unga wa soya na chumvi mbalimbali. Bakteria wanapandwa humo, hewa safi inapulizwa bila kukatika, joto linashikiliwa karibu nyuzi 28, na kazi inachukua siku kadhaa. Mwanzoni bakteria wanakula na kuongezeka tu. Dawa huanza kutoka kwa wingi ukuaji unapopungua. Mchuzi ule huchujwa, dawa ikatengwa na kusafishwa mpaka ukabaki unga, ambao kwa OTC ni wa njano. China ndiyo inayozalisha sehemu kubwa ya unga huo duniani, na viwanda vingi ambavyo majina yao unayaona kwenye chupa hununua unga, hutengeneza myeyuko wao na kubandika lebo yao.

Faida ya kujua hayo ni ya mfukoni. Majina matano tofauti rafuni yanaweza kuwa OTC ile ile. Achana na jina kubwa la kuvutia, tafuta maandishi madogo yanayosema oxytetracycline na idadi ya miligramu kwa kila mililita. Ikiwa ni 100, hiyo ni ya asilimia 10. Ikiwa ni 200 na pameandikwa LA, hiyo ni ya asilimia 20 inayodumu. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni wingi wake na kimiminika kilichoiyeyusha, ambacho huifanya itoke kwenye msuli polepole ikakaa kwenye damu siku tatu hivi badala ya moja.

Mdudu gani yuko ndani?

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika, na hapa ndipo ningependa usikimbie.

Penisilini huua bakteria kwa kuharibu ukuta wake wakati anaujenga. Ukuta ukivunjika, streptomaisini nayo hupata njia ya kuingia, ndiyo maana zikawekwa chupa moja. OTC na tailosini haziugusi ukuta. Huingia ndani na kusimamisha mtambo unaotengeneza protini za bakteria, akashindwa kukua, na kinga ya mnyama ikammalizia. Sasa, wako wadudu wasio na ukuta kabisa. Mykoplazma ni mmoja wao, na yeye ndiye anayeleta homa ya mapafu ya mbuzi, ugonjwa ambao upimaji wa damu ya mbuzi wa kanda hii ya kusini umeonyesha kuwa upo. Penisilini kwake haina pa kushika. Streptomaisini iliyomo kwenye penstrep inaweza kumgusa, lakini kiasi chake hakikupimwa kwa kazi hiyo, usiitegemee. Tailosini na OTC zote zinamuweza mykoplazma zikiwahi.

Namna ya kuushuku ugonjwa huo: mbuzi anakohoa, anapumua kwa tabu akiwa amepanua miguu ya mbele na kunyoosha shingo, joto liko juu, na kondoo waliolala naye zizi moja hawana shida. Akifa na ukampasua, mara nyingi pafu la upande mmoja ndilo limeharibika, limegandamana na ubavu, na kifuani mna maji ya njano. Hali hiyo ukiikuta, nunua tailosini, na walio na dalili uwatenge. Mbuzi aliyepona kwa dawa anaweza kubaki anabeba ugonjwa na kuwapa wengine, kwa hiyo kumrudisha zizini mara tu anapoacha kukohoa si busara.

Lakini kama mbuzi na kondoo wote wanaumwa, makamasi yanagandia puani, kuna vidonda mdomoni na kuhara juu yake, hiyo inaelekea kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Tandahimba iliionja 2009. Ni kirusi. Hakuna hata chupa moja kati ya hizi tatu inayokiua kirusi. OTC inachofanya ni kuzuia bakteria wanaovamia mapafu yaliyokwisha kudhoofika. Wataalamu wanaweza kukuambia uichome kwa sababu hiyo, ila usihesabu kwamba umetibu. Ugonjwa huo una chanjo, na taarifa inatakiwa imfikie afisa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa magonjwa ya kupe, OTC haina mpinzani kati ya hizi. Ndigana baridi anakaa ndani ya chembe nyekundu za damu, na yule wa moyo kujaa maji anakaa ndani ya utando wa mishipa. Penisilini na streptomaisini hazipenyi vizuri ndani ya seli za mnyama, OTC inapenya. Jambo hili lina uzito zaidi Lindi kuliko zamani, maana tangu wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007 na wengi wakaelekea huku, ng'ombe wameongezeka Kilwa, Liwale na Nachingwea, na kupe nao wamepata pa kula. Angalizo mawili tu. Ndigana kali, ile ya tezi kuvimba chini ya sikio, haiponi kwa OTC. Ina dawa yake. Na ukiwa Liwale au karibu na misitu yenye mbung'o, ng'ombe anayekonda huku tezi zimetokeza anaweza kuwa na ndorobo, ambayo nayo haisikii antibiotiki yoyote. Nimeona watu wakimaliza chupa nzima ya OTC kwa ng'ombe wa ndorobo, halafu wakasema OTC siku hizi ni feki.

Penstrep inang'ara mahali pengine: kidonda cha panga, jipu, kwato zilizooza, kitovu cha ndama kilichovimba, mbuzi aliyebakiza kondo la nyuma. Bakteria wengi wa huko wana ukuta mnene na penisilini huwashughulikia haraka kuliko OTC. Inaua, haisubiri kinga. Kwa mnyama aliyedhoofika sana hilo lina maana. Kuna ugonjwa mmoja wa ngozi, ule wa magamba na manyoya kushikana wakati wa mvua, ambao penstrep na OTC ya 20 zote zinautibu, na ukipenda vituko vya asili, mdudu wake ni jamaa wa mbali wa Streptomyces wenyewe.

Siku ngapi utarudi zizini?

Chukua mbuzi wa kilo 25. Kwa vipimo vilivyozoeleka kwenye lebo:

OTC ya 20 inayodumu: 2.5 cc (yaani mililita) mara moja, na ikibidi rudia mara moja baada ya siku tatu.
OTC ya 10: 2.5 cc kila siku, siku 3 hadi 5.
Penstrep: 1 cc au kuzidi kidogo kila siku, siku 3, isizidi 5.
Tailosini ya 20: 1.25 cc hadi 2.5 cc kila siku kulingana na lebo, siku 3 hadi 5.

Sasa jiulize kwa ukweli. Mbuzi wanachungwa mbali, mwenye sindano ni mmoja kijijini, na siku ya pili yuko kwenye mnada wa korosho. Dozi ya siku tatu inayokatwa siku ya kwanza kwa sababu "ameshaanza kula" ni mbaya, kwa sababu unaweza kuwa umewaua wadudu dhaifu na kuwaachia wenye usugu nafasi. Ndiyo sababu yangu kubwa ya kuitanguliza OTC ya 20. Siyo kwamba inashinda nyingine kwa nguvu. Inashinda kwa sababu inasamehe usahaulifu wetu. OTC ya 10 kwa maoni yangu haina nafasi kwa mbuzi wa kijijini. Ni nafuu kwa chupa, lakini ukipiga hesabu ya dozi nzima ya siku tano mbuzi mmoja anameza 12.5 cc, na unafuu umepotea.

Kilo 25 hizo usizikisie kwa macho. Kijiji kisicho na mizani ya mifugo mara nyingi kina mizani ya korosho. Mbuzi anafungwa miguu, anaingizwa kwenye gunia kichwa kikiwa nje, anatundikwa kwenye ndoano ile ile ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, sekunde kumi umepata jibu. Msimu ukiwa umefungwa katibu hakatai. Nilishuhudia beberu ambaye wenyewe walisema "huyu hapungui 40" akigota kwenye 27.

Choma shingoni, si pajani. OTC na tailosini zote zinauma na kuacha uvimbe, na paja ndipo ulipo mshipa mkubwa wa fahamu. Mbuzi wengi wanaochechemea baada ya "matibabu" wameupata huko. Kwa mbuzi usizidishe 5 cc sehemu moja. Ng'ombe wa kilo 200 anahitaji 20 cc za OTC ya 20, mgawie nusu shingo ya kulia, nusu ya kushoto. Penstrep lazima itikiswe mpaka ile nyeupe iliyotuama ichanganyike yote, la sivyo mbuzi wa kwanza atapata maji na wa mwisho atapata dawa ya wenzake. Na haichomwi kwenye mshipa wa damu hata siku moja. Mwenye punda asiguse tailosini kabisa, inaweza kumuua.

Kuchanganya

Mteja mmoja, mzee wa Nanyumbu, alifika dukani na bomba lake mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipe penstrep na hiyo OTC, cc mbili mbili. Nachanganya humu humu, inakuwa moto kabisa."

Wazo lake si geni, huku kusini limeenea. Lakini rudi kwenye namna zinavyofanya kazi. Penisilini humuua bakteria akiwa anajenga ukuta, yaani akiwa anakua. OTC humsimamisha asikue. Ukizitia pamoja, moja inamlaza adui ambaye nyingine inamhitaji akiwa macho. Kwa binadamu jambo hili lilionekana mapema: mwaka 1951 huko Marekani, wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na pneumokoki waliopewa penisilini pamoja na klorotetrasaiklini, ndugu wa OTC, walikufa wengi zaidi kuliko waliopewa penisilini peke yake. Mzee alisikiliza, akauliza kwa nini basi zinauzwa duka moja. Aliondoka na penstrep tu, maana tatizo la mbuzi wake lilikuwa kwato.

Maziwa, nyama na tarehe ya unyago

Kila dawa ina muda wa kusubiri, yaani siku ambazo mnyama aliyechomwa haliwi na maziwa yake hayanywewi. Lebo nyingi za OTC ya 20 huandika siku 28 kwa nyama na 7 kwa maziwa. Penstrep kwa kawaida ni siku 3 kwa maziwa na wiki tatu hivi kwa nyama, huku figo zikidai muda mrefu zaidi, kwa sababu streptomaisini hujikusanya humo. Tailosini inatofautiana sana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, hapo lebo ndiyo mwamuzi.

Kwa mwenye ng'ombe wa maziwa mjini Lindi au Mtwara, tofauti ya siku 3 na siku 7 ni hela. Ikiwa ugonjwa unatibika kwa penstrep, chagua penstrep, hata kama itakubidi kuamka siku tatu mfululizo. Na wanaouza maziwa ya mgando wanalijua hili bila kufundishwa: maziwa yenye mabaki ya penisilini yanagoma kuganda, kwa sababu bakteria wa kugandisha wamekufa kama wale wa kwenye kiwele. Kuchemsha hakukuokoi, moto wa jikoni hauziondoi dawa hizi zote.

Kwa mwenye mbuzi wa nyama, kalenda yetu ndiyo inayobana. Jando na unyago huangukia likizo za Juni na Desemba, na hapo mbuzi wanachinjwa kila mtaa. Aliyemchoma OTC ya 20 tarehe 20 Novemba, mbuzi huyo anafaa kuchinjwa kuanzia tarehe 18 Desemba. Sherehe ikiwa tarehe 10, mtafute mwingine. Wapo wanaofanya kinyume chake, wakiona mbuzi anazidiwa wanamchoma leo, kesho hajainuka wanamchinja. Wageni wanakula dawa mbichi, na panapochomwa sindano dawa huwa nyingi kuliko mahali pengine popote mwilini.

Streptomaisini ilikuwa dawa ya kwanza kuponya kifua kikuu cha binadamu, na tetrasaiklini bado iko kwenye zahanati zetu. Usugu unaojengwa zizini haubaki zizini.

Joto na mwanga

Chupa nyingi zinasema weka chini ya nyuzi 25. Mtwara mjini mwezi Desemba mchana unavuka 30 bila shida, na chini ya bati ni zaidi. OTC inavumilia kiasi, lakini mwanga inauchukia: chupa iliyokaa dirishani hubadilika kutoka njano hadi kahawia nzito, na dawa ya jamii hiyo iliyooza inaweza kudhuru figo. Ikiwa nyeusi kuliko chupa mpya ya jina lile lile, itupe. Penstrep ni dhaifu zaidi kwa joto. Ukiishi mbali na umeme, hilo peke yake linaweza kuamua: nunua penstrep ya kutumia wiki hii, usiweke akiba. Mtungi wa udongo wenye maji, chupa ikiwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kifuniko chake pembe ya giza, unasaidia kuliko sanduku la bati. Dukani nako angalia chupa ilikokaa. Ile ya mbele kabisa inayopigwa na jua la jioni, mwambie muuzaji akupe ya nyuma.

Na dawa ya unga ya kuku?

Hapa sina subira sana. Kuku wa kienyeji wakianza kufa kwa mpigo wakati wa kiangazi, shingo zikipinda na kinyesi cha kijani, huo ni mdondo, ni kirusi, na unga wa OTC kwenye maji ni hela ya bure. Chanjo ya I-2 inavumilia joto, ni tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Weka hela yako huko.

Kwa mafua ya kuku ya bakteria, yenye uso kuvimba na mkoromo, ndipo unga unapofaa. Ukilinganisha, unga wa tailosini unawafaa zaidi wenye mkoromo wa muda mrefu, kwa kuwa mara nyingi ni mykoplazma tena. Unga wa OTC una kasoro moja ambayo watu wa pwani inawahusu zaidi: hushikamana na chokaa na madini ya chuma, ikishikamana haiingii mwilini. Visima vya Kilwa, Lindi na Mikindani vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe vina maji mazito ya chokaa. Tumia maji ya mvua ukiwa nayo, chombo cha plastiki badala ya sufuria au bati, na uchanganye mapya kila asubuhi. Streptomaisini ya kunywesha haifai kwa mafua hata kidogo, kwa sababu ikinywewa haitoki tumboni kwenda kwenye damu. Na wale wanaofungua kapsuli za rangi mbili za binadamu na kuwamiminia kuku, hawajui wamewapa miligramu ngapi, kuku nao hawajui.

Nikibanwa nichague

Ng'ombe au mbuzi wa kuchungwa, kupe wengi, mtaalamu yuko mbali: OTC ya 20, shingoni, kwa kilo zilizopimwa. Ng'ombe wa maziwa mjini mwenye jeraha au tatizo la uzazi: penstrep, siku zote tatu. Mbuzi wanaokohoa kwa kundi huku kondoo wakiwa wazima: tailosini, na simu kwa afisa mifugo wa kata kabla ya jua kuzama, kwa sababu wakiwa wengi hilo si suala la chupa tena. Kuhara kwa ndama bila homa, hakuna kati ya hizi. Anza na maji, chumvi na sukari.

Ukiwa na shaka, Mtwara kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Pafu au damu ya mnyama inapelekwa huko ikiwa kwenye chombo safi chenye barafu, kwa kupitia afisa mifugo, tena damu itolewe kabla hujachoma dawa yoyote: mnyama aliyekwisha kupigwa OTC maabara inaweza isimuone mdudu aliyemuumiza, ukarudi nyumbani na karatasi isiyokwambia kitu.